Kupe ya Mtumba Katika Barabara za Olympic: Ufafanuzi wa Marekebisho Sahili ya Sura na Nguvu

Utangulizi

Eneo la Olympic huko Kibera na mtaa wa Kawangware hutenganishwa na Ngong Road, mojawapo ya barabara kuu za magharibi ya jiji la Nairobi. Kandokando ya barabara hii na vichochoro vinavyoingia humo mna karakana nyingi za jua kali, ambamo mafundi hunyosha bodi, hupuliza rangi, huchomelea mabomba ya moshi na kubadilisha magurudumu. Ufundi huu umekomaa kwa sababu ya matatu. Kijana wa Olympic hukua akiyatazama matatu ya kwenda mjini yakiwa na rangi za kung'aa, taa za kila aina na muziki wa kutingisha vioo. Hata baada ya kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, kuyataka magari hayo yawe na mstari wa manjano na vidhibiti mwendo, sanaa hiyo haikufa. Ilijificha, kisha ikarejea kwa kishindo katika muongo uliofuata.

Si ajabu basi kwamba kijana huyo akisoma, akaajiriwa na kuweka akiba yake katika chama cha ushirika, hutamani gari lenye sura ya mbio. Kwa kuwa jipya haliwezi, hununua lililotumika, tena lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu. Swali linalomkabili ni hili: aanzie wapi kulirekebisha? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Tutafafanua marekebisho sahili ya sura na ya nguvu, tukieleza kila moja linafanyaje kazi na lina faida gani. Hoja yetu kuu ni kwamba gari hurekebishwa kwa ajili ya barabara linayoipita, na kwamba katika barabara zetu utaratibu unaofaa ni kuanza na kusimama, kisha kushika barabara, kisha nguvu, na hatimaye urembo. Wengi huanzia mwisho.

Kupe ni gari gani?

Kwa msemaji wa Kiswahili, neno kupe huleta picha ya mdudu anayeganda kwenye ngozi ya ng'ombe na kumfyonza damu. Kupe tunayoizungumzia hapa ni nyingine. Jina hili limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukata. Hapo kale liliitwa hivyo gari la farasi lililofupishwa kwa kuondolewa kiti cha mbele kilichotazama nyuma. Siku hizi ni gari la milango miwili, lenye paa lililoinama kuelekea nyuma na viti vya nyuma vilivyobanana. Katika makala haya tunaiweka kupe hii katika ngeli ya I-ZI, pamoja na injini na breki, ili mwenzake wa ngeli ya A-WA abaki na ng'ombe wake. Hata hivyo, mwenye gari atakayerekebisha bila mpango atagundua kuwa hata hii yaweza kufyonza.

Kupe nyingi za Nairobi zilitoka Japani zikiwa zimetumika. Mfano mzuri ni Toyota Celica, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2006. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, hata zile za mwisho zilifungiwa mlango wa bandari ya Mombasa kufikia 2014. Maana yake ni kwamba Celica yoyote inayouzwa leo ni gari lililozeeka. Mipira yake imekauka, springi zimechoka na mabomba yameingia kutu. Kwa gari la namna hii, marekebisho ya kwanza si kuongeza kitu kipya bali ni kurudisha kile kilichopotea.

Funzo la mbio za Safari

Kabla hatujaingia karakana, inafaa tukumbuke kuwa nchi yetu ina historia yake ya kurekebisha magari ya namna hii. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973 zilishindwa na Datsun 240Z, gari la milango miwili; ushindi wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda, ambaye baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Celica nayo ilishinda mara nane kati ya mwaka 1984 na 1995, na mwaka 1994 usukani wake ulikuwa mikononi mwa Mkenya Ian Duncan.

Je, magari hayo yalirekebishwaje? Yaliinuliwa, hayakushushwa. Yalifungwa vyuma vya kukinga uso yasivunjwe na wanyama, taa za ziada za kuonea usiku, na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi kwenye paa ili maji ya mito yasiingie katika injini. Waliyoyaunda walitazama barabara kwanza: vumbi, mawe, matope na mito. Kijana anayeikata springi ya Celica yake ili ilale chini kama magari ya picha za Tokyo au Los Angeles ameiga sura ya barabara asiyoipita. Anayoipita ina matuta, mashimo na mitaro, na kila siku itamkumbusha.

Kusimama: breki

Marekebisho ya kwanza ya nguvu ni ya nguvu ya kusimama. Kanuni ya fizikia iko wazi: mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huongezeka mara nne. Gari linalohitaji mita 12 kusimama kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa litahitaji takriban mita 48 likiwa katika kilomita 100, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka na kukanyaga. Katika barabara ya Olympic, ambako asubuhi wanafunzi, wachuuzi, mikokoteni na pikipiki hutumia njia moja na magari, tofauti hiyo ya mita 36 ndiyo tofauti kati ya mtoto kufika shuleni na kutofika.

Kazi yenyewe si ghali. Pedi za breki zikaguliwe unene wake na zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande mmoja. Diski zenye mifereji au zilizopinda zichongwe upya iwapo bado zina unene wa kutosha. La sivyo zibadilishwe. Mafuta ya breki, ambayo wengi huyasahau, yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakishakunywa, huchemka upesi katika mteremko mrefu na kutoa mapovu; dereva hukanyaga breki akakuta hamna kitu. Ni vyema yamwagwe na kujazwa mapya kila baada ya miaka miwili hivi. Kuzipaka breki rangi nyekundu ili zionekane kupitia rimu ni urembo unaoruhusiwa, mradi utangulie ukaguzi.

Kushika barabara: tairi, rimu na springi

Gari lote, liwe la thamani gani, hugusa ardhi kwa mabaka manne tu, kila moja lenye ukubwa wa kiganja. Kwa hiyo hakuna rekebisho lenye faida kubwa kuliko tairi nzuri. Anayenunua tairi atazame alama ya tarakimu nne ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno marefu ilhali mpira wake umekwisha kukakamaa kwa uzee. Kikomo cha chini cha kina cha meno katika nchi nyingi ni milimita 1.6, lakini wakati wa masika ni busara kutongoja hadi hapo.

Rimu kubwa ndiyo tamaa ya wengi, na inawezekana kuikidhi bila kuharibu gari iwapo hesabu itafanywa. Tuchukue tairi la 195/60 R15. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wake basi ni milimita 117, na kipenyo cha gurudumu zima ni takriban milimita 615. Tukihamia 205/50 R16 tutapata kama 611, na kwa 205/45 R17 kama 616. Yote matatu yanakaribiana, hivyo kipimamwendo hakitadanganya na tairi halitakwaruza bodi. Lakini tazama kilichopungua: ubavu umetoka milimita 117 hadi 92. Mpira huo ndio mto unaoikinga rimu dhidi ya shimo. Anayechagua inchi 17 na awe tayari kunyosha rimu mara kwa mara. Inchi 16 ni usuluhishi mwema kati ya macho na barabara.

Kuhusu springi, kuna mazoea mawili ambayo hayana budi kukemewa. La kwanza ni kuikata springi kwa msumeno. La pili ni kuichoma kwa moto wa gesi hadi ijikunje. Springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing'inia juu ya shimo. Iliyochomwa hupoteza ule ugumu iliopewa kiwandani, na huweza kukatika ghafla. Zaidi ya hayo, shokapu, yaani vile vyuma vinavyozuia gari lisiendelee kudunda baada ya tuta, huumizwa kwa kufanya kazi katika nafasi finyu isiyo yake. Mtu akitaka gari litulie kwenye kona, abadilishe shokapu zilizochakaa na bushi za mpira zilizopasuka, kisha apime mpangilio wa magurudumu. Wengi waliofanya hivyo tu hushangaa, hudhani wamepewa gari jingine.

Nguvu: suala la hewa ya Nairobi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo yafaa tueleze kwa kina. Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Injini ya kawaida iliyotoa nguvu za farasi 140 huko Yokohama hutoa kama 115 ikifika Ngong Road. Haina ugonjwa, imenyimwa pumzi. Ndiyo maana gari lile lile likishuka Mombasa huonekana kuchangamka.

Magari yenye tabo hayaathiriki sana. Tabo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi unaotoka na kuisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Mvuto wa Subaru zenye tabo kwa vijana wa Nairobi una msingi huu wa kisayansi, mbali na ule mngurumo wake. Lakini tabo nazo zina masharti. Nyingi ziliundwa kutumia petroli bora ya Japani yenye oktani inayokaribia 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki kiwango hicho. Injini ikilishwa petroli dhaifu huanza kugonga, na anayeiongezea msukumo wa tabo katika hali hiyo anaichimbia kaburi.

Kwa injini isiyo na tabo, mwenye gari afanye yafuatayo kwanza: abadilishe plagi, asafishe au abadilishe chujio la hewa, ambalo vumbi letu hulijaza upesi, amwage mafuta ya injini kwa wakati, asafishe vali ya hewa, na aisome kompyuta ya gari kuona iwapo kuna kihisi kilichokufa. Hatua hizi hurudisha nguvu ambazo uzee ulizichukua. Baada ya hapo ndipo chujio la wazi la mviringo laweza kufikiriwa. Hata hivyo, likiachwa tupu chini ya boneti huvuta hewa ya moto iliyozunguka injini, nayo hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Hivyo mtu hununua sauti huku akipoteza nguvu. Iwapo ni lazima, atengeneze kisanduku na bomba la kuvuta hewa baridi kutoka mbele.

Bomba la moshi pana nalo huleta farasi wawili watatu na makelele ya farasi mia. Baadhi ya watu huishauri karakana iondoe katalaiza, kile chombo kinachosafisha moshi. Ikumbukwe kuwa Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiziua katalaiza. Tangu hapo chombo hicho kina faida ya kweli. Kukiondoa ni kuupeleka moshi mbichi katika vifua vya watu wanaouza mboga na mandazi kando ya barabara hizo hizo. Kwa upande mwingine, njia rahisi ya kuongeza kasi ni kupunguza uzito. Spika kubwa na vikorokoro vilivyojaa kwenye buti vikitolewa, gari huruka zaidi bila gharama yoyote.

Sura: usafi kabla ya rangi

Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, mwendo mfupi kutoka Kibera, hufanyika maonyesho ya Concours d'Elegance yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Waamuzi huinama chini ya gari na kutazama pembe za milango; hutafuta usafi na utunzaji, wala hawatafuti wingi wa mapambo. Huo ni mwongozo mzuri hata kwa asiyeshindana.

Rekebisho la sura lililo rahisi kuliko yote ni taa za mbele. Plastiki yake huwa ya manjano kwa jua. Funga rangi ya pembeni kwa utepe, sugua taa kwa maji na msasa laini wa namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu ing'arishe kwa dawa ya kupigia rangi na kuipaka kinga ya jua. Gari huonekana changa kwa miaka kumi, na dereva huona mbele usiku. Hilo ni rekebisho la sura na la usalama kwa pamoja. Kinyume chake ni kutia balbu kali zisizolingana na kioo cha taa. Mwanga hutawanyika na kuyapofusha macho ya wanaokuja.

Rangi mpya hudumu kwa kadiri ya kazi iliyofichwa chini yake. Kutu ikwanguliwe hadi chuma king'ae, palipooza pakatwe na kuchomelewa kipande kipya, kisha msasa, rangi ya msingi, rangi yenyewe na hatimaye vanishi. Kwa fundi anayepulizia uwanjani, asubuhi tulivu ya miezi ya kiangazi inafaa zaidi kuliko alasiri yenye upepo na vumbi au msimu wa mvua. Asiyetaka kudumu na rangi moja aweza kulivalisha gari karatasi ya plastiki inayobandika, ambayo hubanduka bila kuiharibu rangi ya asili. Ndani, mafundi cherehani wa Kawangware hushona vitambaa vya viti kwa ustadi usiopungua ule wa dukani. Ama spoila kubwa ya nyuma, ambayo kazi yake ni kulikandamiza gari ardhini kwa upepo, haina la kufanya katika msongamano. Ikifungwa, ijulikane kuwa ni pambo.

Sheria na bima

Kikomo cha mwendo mijini ni kilomita 50 kwa saa, na barabara haitajali gari limetiwa nini. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mabadiliko ya mambo yaliyoandikwa katika daftari la usajili, kama vile rangi au injini, hupaswa kuarifiwa msajili, kazi ambayo sasa ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 nazo zinamhusu mwenye bomba la ngurumo. Aidha, kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi. Aliyeficha marekebisho yake huenda akaachwa peke yake siku ya ajali.

Lugha ya karakana

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wametambua kuwa tumefika hapa bila kukwama kwa ukosefu wa maneno. Bampa, boneti, klachi, plagi, rimu, shokapu na tabo yameingia na kufuata sheria za sauti na ngeli zetu, na yamekaa pamoja na usukani, msasa, chujio na karakana bila ugomvi. Kazi hii haikufanywa na kamati ya istilahi peke yake. Imefanywa pia na mafundi wanaoelezana kazi chini ya gari. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu angefanya vyema kukaa nao na kuyaandika maneno yao pamoja na maelezo wanayoyatoa, kwa kuwa fundi mzee akiondoka huondoka na kamusi.

Hitimisho

Tumeona kuwa kupe ya mtumba hurekebishwa kwa hatua, na kwamba kila hatua inategemea iliyotangulia. Nguvu bila breki ni hatari, nayo rangi juu ya kutu ni deni. Mwenye fedha kidogo azigawe hivi: za kwanza ziende kwenye breki na tairi, za pili kwenye shokapu na bushi, za tatu kwenye plagi, machujio na mafuta, na zitakazobaki ndizo ziende kwenye rimu, viti na rangi. Zikiisha kabla ya kufika kwenye urembo, hajapoteza kitu, kwa sababu gari lake litasimama tuta la Olympic litakapojitokeza gizani na mtu yuko mbele yake. Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Gari linalopendeza machoni limeundwa kwanza pale pasipoonekana.